Sauti Bila Miguu Haifiki Mahakamani

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu mashirika yanayotetea haki za wanawake: namna yanavyoungana, namna yanavyotumia intaneti, na ni faida gani hasa inayomfikia mwanamke wa Heru Juu, wa Makere au wa Kibondo mjini. Naanzia mkoani kwetu. Mwaka 2019 nchi nzima ilijifunza neno ambalo wanawake wa Manispaa ya Kigoma Ujiji walikuwa wakilijua kwa uchungu kwa muda mrefu: teleza. Walioitwa hivyo ni wanaume waliojipaka mafuta mwilini ili wasikamatike, wakaingia nyumba za watu usiku na kuwabaka wanawake, hasa wale waliokuwa wakiishi bila mwanamume ndani. Malalamiko yalikuwepo kabla ya mwaka huo. Yalisemwa mitaani, yakasemwa kwa viongozi, na uhalifu ukaendelea. Kilichobadilisha mambo ni filamu fupi ambayo wanaharakati wa Change Tanzania waliitoa mitandaoni, manusura wakisimulia wenyewe yaliyowapata. Ilipoanza kupita kwenye simu za watu wa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, jambo lililokuwa la mitaa michache ya Kigoma likawa la taifa, na Jeshi la Polisi likatangaza kuwakamata watuhumiwa.

Katika tukio lile wengi waliona nguvu ya video. Ni kweli nguvu hiyo ilikuwepo. Lakini video ile isingepatikana kama wasingekuwepo wanawake wa Kigoma waliokubali kusema, na mwanamke aliyefanyiwa ukatili wa namna ile hamwambii mgeni asiyemjua. Humwambia jirani, mwenzake wa kikundi, msaidizi wa kisheria aliyewahi kumwona akimsaidia mwingine. Hoja yangu leo ni hiyo. Intaneti huipeleka sauti mbali, na ushirikiano wa watu walio karibu na tukio ndio unaoipa sauti hiyo miguu ya kufika polisi, mahakamani na bungeni. Shirika linalotegemea mitandao ya kijamii peke yake litapata kelele ya wiki moja, kisha watu watahamia kwenye habari nyingine. Kikundi kilicho peke yake kijijini, bila washirika wala njia ya kusikika, kinaweza kulalamika miaka mingi bila ofisi yoyote kubwa kushtuka. Tunachohitaji Kasulu na Kibondo ni kuviunganisha viwili hivyo kwa makusudi, na kuviunganisha kwa masharti ambayo sisi wa huku tumeyakubali.

Tukitazama nyuma kidogo tutaona kwamba ushirikiano uliitangulia intaneti. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kikafuata miaka michache baadaye, na Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ukazaliwa mwaka 1993. Wanahabari wa TAMWA walikuwa na mbinu yao: walichagua suala moja, tuseme ubakaji au vipigo vya majumbani, wakapanga liandikwe na kutangazwa na vyombo vingi kwa wakati mmoja, hadi wakubwa washindwe kulikwepa. Wanasheria walijua vifungu vinavyohitaji kubadilishwa, wanahabari walijua namna ya kuwafikia wananchi, na wanaharakati wengine walijua wabunge wa kuwafuata. Kazi hiyo ya pamoja imo nyuma ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji na kuufanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai. Imo pia nyuma ya sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zinazosema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Yote hayo yalipatikana kwa barua, faksi, mikutano na magazeti. Anayedhani kwamba harakati zilianza na simu janja anawanyima heshima yao wanawake waliozianza kwa mikono mitupu.

Miaka hiyo hiyo ilitoa somo jingine, chungu. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoongozwa na Anna Tibaijuka, lilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na kuenea mikoani kwa haraka. Serikali ililisimamisha mwaka 1996 na kulifutia usajili mwaka 1997. Mahakama Kuu ilikuja kuamua mwaka 2009 kwamba hatua hiyo haikuwa halali, lakini miaka 12 ilikuwa imepita na baraza lenyewe limeshasambaratika. Mashirika mengine yalikuwa yakijenga njia tofauti kwa wakati huo: muungano wa FemAct ulioanza mwaka 1996, ambao ulikusanya makumi ya mashirika ya jinsia na haki za binadamu, kila moja likiwa na usajili wake, ofisi yake na eneo lake la kazi. Barua moja inaweza kufunga ofisi moja. Makumi ya ofisi zilizokubaliana kusema jambo moja haziwezi kufungwa kwa barua moja.

Intaneti iliingia katika historia hii kwenye mkutano ambao Mtanzania aliusimamia. Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwezi Septemba 1995. Huko, wanawake wa shirika la kimataifa la APC waliweka chumba cha kompyuta ambamo wajumbe, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, waliweza kutuma barua pepe nyumbani na kueleza yanayojadiliwa. Miaka tisa baadaye, mwaka 2004, muungano wa mashirika ya Afrika ujulikanao kama SOAWR, ukishirikiana na shirika la Fahamu, ulikusanya saini za kuzitaka serikali ziridhie Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake, na ukaruhusu mtu atie saini kwa ujumbe mfupi wa simu. Saini zilizokuja kwa simu zilikuwa mamia machache tu. Ukihesabu hizo peke yake utasema kampeni ilishindwa. Hata hivyo itifaki ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2005, na Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Kilichofanya kazi ni kwamba muungano ule ulikuwa na wanachama katika nchi nyingi, watu waliojua ni wizara gani ya kubisha hodi na ni waziri gani aliyekuwa anasuasua. Ujumbe wa simu uliwapa wanahabari jambo jipya la kuandika, na wanachama wakautumia upenyo huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwa maoni yangu unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Mwezi Juni 2013 msichana wa miaka 16, ambaye dunia ilimjua kwa jina la kubuni la Liz, alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa kwenye shimo la choo. Watuhumiwa waliokamatwa walipewa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni, kisha wakaachiwa. Gazeti la Daily Nation lilipoiandika habari hiyo mwezi Oktoba 2013, shirika la FEMNET la Nairobi na wenzake walianzisha ombi la saini mtandaoni, na zaidi ya watu milioni moja duniani wakatia saini. Wanawake waliandamana Nairobi na kupeleka madai yao kwa mkuu wa polisi. Mwezi Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Wanaosimulia habari hii husimulia saini milioni moja. Mimi nataka tumtazame zaidi Mary Makokha na shirika lake dogo la REEP, lililoko huko huko Busia. Wao walikuwa na msichana na mama yake tangu kabla habari haijafika gazetini, wakatafuta matibabu, na walibaki nao baada ya kamera kuondoka. Kutoka Oktoba 2013 hadi Aprili 2015 ni mwaka mmoja na nusu. Hakuna mtu aliyetia saini akiwa Ulaya au Marekani ambaye angeweza kumsindikiza shahidi mahakamani kwa mwaka mmoja na nusu. Kazi hiyo ni ya mtu anayeishi pale.

Na upo mfano wa nchini kwetu, Serengeti mkoani Mara, ambao unaonyesha intaneti ikifanya kazi nyingine kabisa isiyo ya kupiga kelele. Rhobi Samwelly na shirika lake la Hope for Girls and Women wanaendesha nyumba salama zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa kuelekea mwezi Desemba, shule zinapofungwa na msimu wa kukeketa kuanza. Shida yao mojawapo ilikuwa ndogo kwa kuisikia na kubwa kwa kuiishi: msichana anapiga simu usiku kutoka kijijini, na gari la polisi au la nyumba salama halijui njia, kwa kuwa ramani zilizokuwepo hazikuonyesha barabara za vijijini wala majina ya vitongoji. Mradi wa Crowd2Map ukawaunganisha na watu wa kujitolea sehemu nyingi za dunia. Maelfu ya watu hao, wakiwa makwao, walizitazama picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba za Mara kwenye ramani huria ya intaneti. Lakini mtu aliyeko Uholanzi hawezi kujua kitongoji kinaitwaje. Majina yaliingizwa na wenyeji waliokuwa na simu mkononi, na baadaye shirika likaweka wawakilishi vijijini wanaotumia simu kutoa taarifa za matukio na hatari. Huo ndio ushirikiano ninaousema: wa mbali alitoa muda na kompyuta, wa karibu alitoa ujuzi wa mahali na akabaki na wajibu wa kumtoa msichana hatarini.

Sasa tuje kwetu. Nasikia pingamizi la kwanza kabla sijamaliza sentensi, na ni pingamizi la haki: wanawake wetu wengi hawana simu janja. Mwenye simu ana kitochi, bando ni ghali kwa mtu anayeuza maharage kwa kisado, na katika nyumba nyingi simu yenyewe ni ya mume. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2020, anayekosa kitambulisho cha NIDA hutumia laini ya jina la mtu mwingine, na kwa mwanamke mtu huyo huwa ni mume, kaka au shemeji. Haya yote ni kweli. Ila yanathibitisha haja ya ushirikiano, hayaiondoi. Kama kila mwanamke angekuwa na simu yake na bando lake, pengine angeweza kupambana peke yake. Kwa kuwa hana, inabidi kikundi kiwe na simu moja inayotunzwa na mtu aliyechaguliwa. Vikundi tunavyo tayari, vya hisa, vikoba na vya kulima kwa zamu, vyenye daftari, sanduku na kanuni za kukutana kila wiki. Huko Apac, kaskazini mwa Uganda, shirika la WOUGNET lilifungua kituo cha Kubere, ambapo taarifa zilizopatikana kwa intaneti ziliwafikia wanawake wakulima kwa lugha yao, kwa redio na kwa makundi ya kusikiliza pamoja. Mwanamke hakuhitaji kugusa kompyuta ili intaneti imfae. Sisi tuna redio hii unayoisikiliza sasa, na Kiha kinasikika kila kitongoji.

Washirika wa karibu pia wapo, na kisheria wanatambulika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, uliagiza kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Baraza la ardhi la kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, lina wajumbe saba na angalau watatu kati yao lazima wawe wanawake. Swali ni je, hao watu wanajuana? Mjumbe mwanamke wa baraza la ardhi anayekatwa kauli kwenye kikao ana namba ya msaidizi wa kisheria? Mwenyekiti wa kikundi cha hisa anamjua ofisa wa dawati kwa jina? Kwa mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake siku ya arobaini, kundi sogozi la WhatsApp lenye watu hao wachache lina thamani kuliko wafuasi elfu hamsini wa shirika lililoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Kisha, kundi hilo likishindwa, wafuasi elfu hamsini wanaanza kuwa na maana.

Mjane nimemtaja kwa sababu suala la mirathi kwetu ni zito. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, linalohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, linamweka mjane na binti nyuma katika kurithi ardhi. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga mahakamani wakashindwa kupata nafuu hapa nchini. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kwa kushirikiana na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, kilipeleka malalamiko yao kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Wajane, mawakili wa Dar es Salaam, wanafunzi wa sheria wa Washington, kamati ya Geneva: mlolongo huo usingewezekana bila mawasiliano ya haraka na ya bei ndogo, na usingeanza kabisa kama wajane wawili wasingemfikia mwanasheria anayezungumza lugha yao.

Pingamizi la pili linahusu hatari. Mitandaoni mwanamke anayesema hutukanwa, hutishiwa, picha zake husambazwa, na jina la binti aliyebakwa huweza kuzagaa kabla hajafikishwa hospitali. Hili silipunguzi hata kidogo, na ndipo ninapotaka mashirika yawe makali kwa nafsi zao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni na usambazaji wa picha za ngono, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya matumizi holela ya taarifa zake. Lakini sheria huja baada ya madhara. Kinga iko kwenye utaratibu wa kazi: uso wa manusura usionekane, kijiji kisitajwe, sauti ibadilishwe ikihitajika, na yeye mwenyewe aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba kilichowekwa kwenye intaneti hakifutiki kikaisha. Akikataa, habari isitoke hata kama mfadhili anaisubiri. Na kwa mtoto, habari zinazomtambulisha zisitoke kamwe, hata mzazi akikubali. Kikundi kinachoishi na manusura kitalisimamia hili vizuri kuliko ofisa wa mawasiliano aliyeko mbali, kwa sababu kesho kitakutana naye kisimani.

Wapo watakaosema pia kwamba harakati hizi ni mambo ya kuletwa, ya kuvunja ndoa na kuwafundisha wanawake ukaidi. Nawajibu kwa heshima. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Ndoa nyingi zilikuwa zimeshaumia kabla shirika lolote halijafika. Na kuhusu uongozi wa mwanamke kuwa jambo geni, wazee wa hapa Kasulu wanamkumbuka Mwami Theresa Ntare wa Heru, aliyekuwa mtawala wa watu wengi wakati wa ukoloni, kabla serikali haijafuta uchifu mwaka 1963. Waha walitii amri ya mwanamke muda mrefu kabla ya mtu yeyote hapa kusikia habari za intaneti. Nakubaliana na wakosoaji hawa katika jambo moja: tabia za nyumbani hazibadilishwi na maneno ya mtandaoni. Mpango wa SASA! wa shirika la Raising Voices la Kampala ulitumia majirani waliofundishwa kuzungumza na majirani zao, wanaume kwa wanawake, kwenye vijiwe na majumbani. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika mitaa ya Kampala iliyopata mpango huo, wanawake waliopigwa na wenza wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 wakilinganishwa na mitaa mingine. Mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo yaliyoleta tofauti hiyo. Intaneti ilifaa baadaye, kuupeleka mwongozo wa kazi hiyo hadi nchi nyingine.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote hutoka ndani ya harakati zenyewe, na mimi niko upande wa wanaolitoa. Ushirikiano, wanasema, humnufaisha mkubwa. Shirika la mjini linakuja Kibondo na gari, linakusanya simulizi na picha, linaandika ripoti, linapata fedha, na kikundi kilichowatafuta wanawake wale kinaambulia fulana na soda. Malipo ya kuendesha ukurasa au runinga ya mtandaoni nayo yamewabagua wadogo: kanuni za maudhui za mwaka 2018 zilitaka zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, fedha ambazo kikundi cha kijijini hakizipati. Kwa hiyo mdogo hulazimika kuongea kupitia mdomo wa mkubwa. Dawa yake ni mkataba. Kabla ya picha ya kwanza kupigwa, yaandikwe mambo machache: nani ana haki ya kuidhinisha habari, fedha za mradi zinagawanywaje, kikundi kitatajwa vipi, na nani atalipa nauli ya shahidi siku ya kesi baada ya mradi kwisha. Shirika lisilotaka kuandika hayo lisipewe simulizi.

Kambi zetu nazo zimo katika hesabu hii. Nyarugusu imekuwepo tangu mwaka 1996, ilipopokea wakimbizi wa Kongo, na tangu mwaka 2015 Warundi wengi waliingia humo na katika kambi ya Nduta huko Kibondo. Mwanamke wa kambini na mwanamke wa Makere wanatafuta kuni katika pori lile lile na wanamwogopa mtu yule yule njiani. Huduma zao zimetengana, huyu akiwa chini ya mashirika ya wakimbizi na yule chini ya halmashauri. Taarifa za hatari zikibaki kila upande na wake, mhalifu anavuka mpaka wa kambi na kuanza upya. Kuwaunganisha wanawake hawa katika kutoa taarifa, kwa idhini ya wahusika wa kambi, ni jambo linalowezekana kwa simu za kawaida, na ningependa kuona mashirika yanayofanya kazi pande zote mbili yakilianza.

Tusidanganyane kwamba muungano na mitandao vikikutana ushindi umekamilika. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaibakiza hukumu hiyo. Mitandaoni kulikuwa na shangwe kubwa, na ilistahili. Hata hivyo miaka zaidi ya minne ilipita baada ya rufaa ile bila Bunge kuibadilisha sheria. Na mitandao yenyewe si ya kutegemewa kila saa. Wakati wa Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020 baadhi ya mitandao ya kijamii ilizuiwa nchini. Kikundi ambacho namba za wenzake zote zimo WhatsApp tu kilijikuta bubu siku hizo. Chenye namba kwenye daftari kiliendelea kupigiana simu.

Kwa hiyo ombi langu kwa vikundi vya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe ni la kazi ya wiki hii. Kwenye kikao kijacho cha hisa, mchagueni mwenzenu mmoja wa kutunza simu ya kikundi, na mumchangie bando kama mnavyochangia mfuko wa jamii. Andikeni kwenye daftari namba ya msaidizi wa kisheria, ya ofisa ustawi wa jamii, ya Dawati la Jinsia na ya kikundi cha kijiji jirani. Mashirika ya Dar es Salaam na Mwanza, njooni na mikataba iliyoandikwa kabla ya kamera. Halmashauri, tangazeni majina na namba za wajumbe wa kamati za ulinzi za kila kijiji, kwa kuwa kamati isiyojulikana haina wa kuiita. Wanaume mnaonisikiliza, mwenye simu janja nyumbani amfundishe mkewe na binti yake kuitumia, na laini isajiliwe kwa jina la mwenye kuitumia. Na yeyote anayejua mtoto aliye hatarini usiku huu, namba 116 hupigwa bila malipo, hata kwa kitochi kisicho na salio.